Usivute Usukani

Ndege ya kwanza ilipita chini mno hata Inspekta Hazel Cawthorne akainamisha kichwa na kumwaga chai yake. Wazee aliokaa nao kwenye viti vya kukunja wakaangua kicheko.

"Utazoea, mwanangu," alisema Bi Maud Pinchbeck, akimjazia kikombe upya kutoka kwenye themosi. "Mwaka wangu wa kwanza mimi nilijificha chini ya meza ya keki. Muulize Cliff. Walinitoa kwa kunivuta miguu."

Clifford Aldous, aliyekaa upande wa pili wa Hazel, alitabasamu kidogo tu. Kamera yake ilikuwa imelala mapajani.

Hazel hakuzoea. Alikuwa na miaka kumi na tisa katika upolisi, na aliwahi kufukuzana na mtu mwenye kisu kwenye vichochoro vya mji wa Grimsby, lakini hofu ya leo ilikuwa ya namna nyingine. Ilikuwa hofu ya kujua nusu ya jambo. Ng'ambo ya kamba palikuwa na uwanja wa Harlby, nyasi fupi na upepo wa Agosti. Huku nyuma walikuwa watu elfu kumi na mbili, wamebanana mbavu kwa mbavu, darubini shingoni, soseji mkononi. Saa tisa na robo alasiri ndege iitwayo Rosalind, ya kivita, yenye kiti kimoja na umri wa miaka zaidi ya themanini, ingepita mbele ya watu hao wote.

Sasa hivi ilikuwa saa nane na nusu.

Rosalind ilikuwa mali ya chama cha wazee kumi na mmoja, Maud na Clifford wakiwemo, wapenzi wa ndege za kale, walioiokota ikiwa vyuma vitupu na kuiunganisha upya kwa miaka ishirini na miwili katika banda la shamba. Fundi wao mkuu alikuwa Desmond Pryke. Jana asubuhi Desmond alikutwa amekufa chini ya ngazi, ubavuni mwa ndege hiyo, shingo imevunjika. Daktari alisema alikufa Alhamisi jioni, kati ya saa kumi na moja na saa mbili.

Wote walisema ni ajali. Mzee wa miaka sabini na tatu, ngazi, sakafu ya saruji, nani angebisha? Hazel naye angesaini na kwenda zake, kama si miwani. Ilikutwa mfukoni mwa shati la marehemu, imekunjwa vizuri, haina hata mkwaruzo, na Desmond bila miwani hakuweza kusoma namba ya nyumba yake mwenyewe. Kwa hiyo hakuwa akifanya kazi alipoanguka. Mtu hukunja miwani akimaliza, au akisimamishwa kwa maongezi.

Halafu kulikuwa na kitabu cha lebo. Desmond alikuwa na lebo nyekundu zenye namba. Kitu kikiwa kibovu, aliandika ubovu wake na kukifungia lebo, na nakala ikabaki kitabuni. Lebo ya 113 aliifunga mwezi Machi kwenye toroli lililokatika gurudumu. Ya 115 ilikuwa tupu. Ya 114 haikuwepo, wala nakala yake. Zilichanwa zote mbili.

"Nakuja sasa hivi," Hazel alimwambia Maud, akainuka.

Alimkuta mwenyekiti wa chama, Vernon Stokoe, nyuma ya hema la chai, akimfokea mtu kwa simu kuhusu vyoo. Alikuwa pande la mtu, uso mwekundu, tai yenye picha za ndege. Mfagiaji wa banda alikuwa ameeleza jinsi Vernon na marehemu walivyogombana Jumatano hadi vikombe vikavunjika.

"Tena wewe!" alisema Vernon, akizima simu. "Inspekta, nina ndege kumi na nne angani leo."

"Mlikuwa mnagombania nini, wewe na Desmond?"

"Nani kakwambia tuligombana?"

"Vikombe."

Vernon alipumua kwa nguvu, akatazama huku na huku. "Nilitaka Rosalind isiruke leo. Haya, umeridhika? Mimi, mwenyekiti, niliogopa. Nilimwambia, Des, tungoje mwakani, tuifungue tena yote, tuitazame. Akanitukana. Akasema ndege iko salama kuliko moyo wangu."

"Alisema hivyo Jumatano?"

"Jumatano saa nne asubuhi. Nikamrushia kikombe. Sikumlenga, ujue. Nilikilenga kikabati."

Hazel alikuwa amekuja akimshuku mtu huyu, na sasa jambo lote lilikuwa limegeuka. Kama Jumatano Desmond aliapa kwamba ndege ni nzima, na Alhamisi akaandika lebo, basi alikuwa ameona kitu baada ya ugomvi ule. Na kitu hicho kilikuwa bado kimo ndani ya ndege.

"Bwana Stokoe, izuie."

"Kwa sababu gani?"

"Kuna lebo imepotea."

"Nionyeshe! Huna. Jana wamekuja mafundi wawili kutoka nje, wametazama injini, breki, matairi. Makaratasi ni safi. Tamsin mwenyewe, ndiye rubani, kaizunguka asubuhi hii mara tatu. Yule binti si mjinga. Nikiizuia kwa ajili ya karatasi ambayo hakuna aliyeiona, nitawaambia nini watu hawa? Cliff nitamwambia nini? Mzee kangoja miaka ishirini na miwili."

"Mafundi walifungua mkia?"

"Mkia unataka nusu siku kufunguliwa," alisema Vernon polepole. Simu yake ikalia tena. Akaipokea, akampa Hazel mgongo.

Hazel alirudi kwenye viti akitembea upesi. Spitfire mbili, ndege nyingine za kivita za kale, zilikuwa zikipishana juu. Maud alikuwa na kisikilizio sikioni. Redio yake ndogo ilinasa mazungumzo ya marubani na mnara, lakini ilisikia tu, haikuweza kusema. Alikuwa akimsomea Clifford namba za ndege kutoka kwenye kijitabu cha maonyesho.

"Huna miwani, bwana Aldous?" Hazel aliuliza, akikaa.

"Ninayo," alisema Clifford.

"Haimsaidii," Maud alidakia. "Macho ya huyu yana kiza katikati, anaona pembeni tu. Juni, Rosalind ilipojaribiwa kule jeshini, sisi sote tulikwenda, yeye yuko hospitali kafungwa bandeji kama maiti wa Misri. Masikini, ndiye peke yake hajaiona ikiruka. Lakini picha bado anapiga, na anapiga vizuri kuliko sisi wenye macho. Lete hiyo kamera, Cliff."

"Achana nayo, Maud."

"Aibu za nini? Mgeni atazame."

Maud akaichukua mapajani mwa Clifford kabla hajaishika sawasawa, akaanza kubonyeza kurudi nyuma, akimwonyesha Hazel kioo kidogo. Ndege za asubuhi. Vernon na tai yake. Mbwa wa mtu. Kisha picha za banda: Rosalind peke yake chini ya taa, mdomo juu. Na moja iliyopigwa kutoka juu ya bawa, kupitia kioo cha chumba cha rubani.

"Hebu ngoja," alisema Hazel. "Hiyo."

Aliitwaa kamera, akaisogeza karibu na uso. Alikiona kiti, mikanda, na usukani uliosimama katikati. Kwenye shingo ya usukani kilining'inia kitu chekundu, si kikubwa kuliko ukucha katika picha ile, kimefungwa kwa uzi. Pembeni kulikuwa na tarehe na saa. Alhamisi, saa kumi na mbili kasoro dakika nane jioni.

Hazel aliisoma saa ile mara mbili.

"Bwana Aldous," alisema, akijitahidi sauti isipande. "Alhamisi ulitoka bandani saa ngapi?"

"Nilishakwambia. Saa kumi nilikuwa nyumbani."

"Picha hii ni ya saa kumi na mbili kasoro."

"Saa ya kamera hiyo haijawahi kuwa sawa."

"Acha wee!" alisema Maud. "Si nilikurekebishia Jumatatu, wewe mwenyewe umeniomba..." Hakumaliza. Alimtazama Clifford, kisha Hazel, na mkono wake ukapanda taratibu kuziba mdomo.

"Na hii nyekundu ni nini?" Hazel aliuliza.

Clifford aligeuza kichwa upande, kama kuku anayetazama punje, akakitazama kioo kwa pembe ya jicho. Alitazama muda mrefu.

"Sioni kitu," alisema. Na Hazel alitambua kwamba anasema kweli. Alikuwa amefuta picha za jioni ile, zote alizoweza kuzitambua. Hii moja ilimponyoka.

Hapo kipaza sauti kikakoroma, na mtangazaji, kwa sauti ya sherehe, akalitaja jina la Rosalind. Umati ukashangilia. Upande wa kushoto moshi wa bluu ulifuka, propela ikazunguka mara moja, mara mbili, ikapotea katika kasi yake. Programu ilikuwa imesogezwa mbele. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika mbili.

Hazel aliruka kambani. "Simamisha!" alimpigia kelele msimamizi wa kamba, mtu mnene mwenye fulana ya manjano na redio ya mkononi. "Polisi! Isimamishe ile!"

Neville Gosling, ndilo jina lililokuwa kifuani pake, alikitazama kitambulisho cha Hazel, akatazama uwanja. "Mama, inakimbia tayari."

Na kweli ilikuwa ikikimbia. Mkia uliinuka nyasini, magurudumu yakaruka mara mbili tatu. Watu elfu kumi na mbili waliinua nyuso kwa pamoja. Hazel hakuinua wake. Alikuwa amegeuka, akimtazama Clifford Aldous, na ndipo alipopata jibu ambalo hakuna picha ingeweza kumpa: katika uwanja mzima, mtu mmoja tu alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa amefumba macho na kushika magoti yake, na midomo yake ilikuwa ikihesabu.

Hazel alipiga magoti mbele yake.

"Lebo iliandikwa nini?"

Clifford hakufumbua macho.

"Najua ukisema umejifunga. Najua. Lakini kuna mtu mle ndani. Iliandikwa nini?"

"Mimi sikuwepo," alinong'ona Clifford. "Saa kumi nilikuwa..."

"Cliff," alisema Maud. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto. "Cliff, ni Tamsin yule. Anakuletea biskuti."

Clifford alitikisa kichwa, macho bado yamefumbwa. Injini ilikuwa ikizunguka nyuma ya miti, ikija.

Hazel alimgeukia Neville. Alimuuliza kwa sauti kubwa, makusudi, kila neno likisikika. "Mnara ukimwambia rubani ashuke upesi, kuna hatari, atafanyaje?"

"Upesi? Ataivuta kwa nguvu, aigeuze kwa mkato, arudi," alisema Neville. "Na hata asipoambiwa, hapa mbele yetu lazima avute. Anapanda wima, ndivyo programu..."

"Haya, mwambie mnara. Ashuke upesi."

Neville aliinua redio mdomoni.

"Asivute!"

Clifford alikuwa amesimama. Kiti kilianguka nyuma yake. Macho yalikuwa wazi sasa, yamekodoka, hayaoni kitu. "Asivute usukani! Waya wa mkia umelika, Des alisema zimebaki nyuzi nne. Akivuta kwa nguvu unakatika. Asivute! Atumie lile gurudumu dogo la ubavuni, la kusawazishia, lina waya wake. Aende mbali, ashuke kwa mstari mrefu, polepole, asiguse..." Pumzi ikamwishia.

"Umesikia?" Hazel alimwambia Neville. "Sema hivyo hivyo. Neno kwa neno."

Neville alisema. Redio ikakwaruza. "Rudia," sauti ilijibu. Akarudia, akigugumia, jasho likimchuruzika. "Nani anasema?" iliuliza sauti. Hazel alimpokonya redio.

"Inspekta Cawthorne, polisi wa Lincolnshire. Waya wa mkia unakatika. Asivute usukani. Mpe ujumbe sasa hivi, maswali baadaye."

Redio ikanyamaza. Rosalind ilikuwa imemaliza mzunguko wake wa kwanza na sasa ilikuwa imeelekeza mdomo uwanjani, nukta nyeusi juu ya shayiri, ikikua. Hapa ndipo angepanda wima. Kulia kwa Hazel baba mmoja alikuwa akimweka bintiye mabegani. Hazel aliwaza kuwaambia watu wakimbie, akatazama kamba, vizuizi, viti, vigari vya watoto, akaelewa kwamba hakuna pa kukimbilia.

"Maud! Unasikia nini?"

Maud alikuwa amekibana kisikilizio kwa viganja viwili. "Wanamwita," alisema. "Wanamwita tena. Hajajibu. Tamsin, jibu, mama, jibu..."

Ndege ilikuwa imefika mwanzo wa uwanja, chini, ikinguruma hata themosi ikacheza juu ya meza. Hazel aliuona mdomo wake ukianza kuinuka. Kidogo tu, kama farasi anayetaka kuruka.

"Anasema amesikia!" Maud alipiga ukelele. "Anasema, nimesikia, sivuti, sivuti!"

Mdomo ukalala. Rosalind ilipita mbele yao imenyooka kama mshale, ikavuka ua wa miti kwa urefu wa mtu mmoja, ikapita kando ya mnara wa kanisa na kuendelea mbele, mbali, kuelekea baharini. Watu walinung'unika kidogo. Walikuwa wameahidiwa kupanda wima.

Dakika tisa zilizofuata Hazel hakuzisahau maisha yake yote, na hakuna kilichotokea ndani yake. Wazee wa viti vya kukunja walisimama wakitazama mawingu. Maud alisema neno moja moja: anageuka. Polepole. Anageuka bado. Usukani unalegea, anasema unalegea mkononi. Anatumia gurudumu. Ameuona uwanja. Clifford alikuwa ameshika nguzo ya kamba kwa mikono yote miwili, kichwa chini, na Hazel alimshika mkanda kwa nyuma, hata hakujua kama anamzuia asikimbie au anajizuia mwenyewe asianguke.

Ilirudi kwa mstari mrefu kama ilivyosemwa, chini, ikiyumba. Iligusa nyasi mbali mno, ikaruka, ikagusa tena. Ilipita njia yote na kuingia shambani, ikifyeka shayiri pande mbili kama kitana kichwani, ikasimama. Propela ikafa. Muda mrefu hakuna kilichosogea. Kisha kioo kikafunguka, na mtu mwenye ovaroli ya kijani akashuka, akatembea hatua chache, akakaa chini.

Umati ulipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya maonyesho.

Fundi aliyefungua mkia saa mbili baadaye alimwita Hazel atazame. Waya wa chuma, usiozidi unene wa penseli, ulikuwa umechambuka kama kamba ya katani. Uzi mmoja ndio ulioshika.

Lakini kabla ya hapo alimpeleka Clifford kwenye gari, nyuma ya hema la chai, akamsomea haki zake. Alisema amezielewa. Akasema hataki wakili bado, anataka kusema.

"Alikuwa ngazini," alisema. "Ananieleza. Akavua miwani, akaikunja, kama anavyofanya akitaka kukupa habari mbaya. Akasema, Cliff, hairuki, pengine hadi mwakani. Nikamwambia Des, mwakani mimi sina macho. Madaktari wamenipa hadi majira ya baridi. Akasema, pole, rafiki yangu, lakini hairuki." Alipangusa mdomo. "Nikaitikisa ngazi. Sikumsukuma. Niliitikisa tu, kama mtu anayetaka kusikilizwa."

"Kisha ukaichana lebo."

"Nikaichoma jikoni."

"Na Tamsin?"

"Nilijiambia Des huzidisha. Siku zote alizidisha." Alipapasa magoti yake. "Hadi injini ilipowaka. Hapo nikajua hakuwahi kuzidisha hata siku moja."

Vernon Stokoe alikuja hadi karibu na gari, akatazama, akarudi. Maud hakuja kabisa. Alikuwa akikunja viti, kimoja kimoja, na kukipanga kila kimoja juu ya mwenzake, na alipofika kwenye kiti cha Clifford alikiacha pale kilipoangukia.

Hazel alimfungulia mlango. Mzee aliingia, akajifunga mkanda mwenyewe kwa kupapasa. Gari lilipoanza kusogea juu ya nyasi alimgeuzia Hazel ubavu wa uso, ili amwone.

"Inspekta. Nikuulize kitu kimoja."

"Uliza."

"Ilivyonyanyuka kutoka chini. Magurudumu yalivyoachana na nyasi. Ilikuwaje?"

Hazel alitazama mbele, njia ilikojaa watu wanaorudi kwenye magari yao.

"Sijui, mzee," alisema. "Nilikuwa nakutazama wewe."